Serikali Haina Mpango wa Kufunga

6 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Mimi nasukuma. Mafua yamenishika tangu baraza la jimbo lifunguliwe, maana kiti changu kiko chini ya feni, na kubadilishiwa kiti hapa ni kazi kuliko kubadilisha sheria. Mama hajambo, ila goti ndilo bado. Nilimnunulia fimbo, akaiegemeza nyuma ya mlango, akasema fimbo ni za wazee. Ana miaka sabini na minne!

Habari kubwa ni ya Kidoti. Binti yetu ana mimba ya miezi mitano. Mumewe yuko barabarani na lori lake kama kawaida, kwa hiyo anakaa kwa Mama, na kutwa wanagombana kuhusu chumvi. Marehemu dada yetu, mama yake, angekuwapo angeshamshonea mtoto nguo mpaka za kuanzia shule. Tarehe ni katikati ya Juni. Wewe ndiye mjomba, anza kujiandaa.

Sasa la maana. Jana niliuliza swali langu la kwanza tangu nichaguliwe. Nilimuuliza waziri wa afya wa jimbo: je, serikali ina mpango wa kufunga wodi ya wazazi katika hospitali ya nyumbani? Fununu nilizisikia sokoni, nikazisikia tena kwa wauguzi, na lisemwalo lipo. Waziri akasimama, akasoma: "Mheshimiwa Spika, serikali ya jimbo haina mpango wa kufunga wodi yoyote ya wazazi, na itaendelea kupanga huduma kulingana na mahitaji." Wenzangu wakapiga meza. Mimi sikupiga, kwa sababu sauti ile naijua.

Ulipokuwa na miaka saba Mama alikuuliza kama umevunja kikombe chake cha maua. Ukasema, "Mimi sijaangusha kikombe chochote." Na kweli hukukiangusha. Ulikirusha.

Wewe uko kwenye wizara hiyohiyo. Niambie kindugu: nani anamwandikia waziri majibu?

Na ujue sijamaliza. Mwezi ujao nauliza kuhusu vitanda. Halafu kwenye swali la nyongeza, lile ambalo hawapewi mapema, nitamgeukia na gari la wagonjwa lililokaa juu ya mawe tangu mwaka juzi. Nataka nimwone akitafuta maneno.

Dada yako


27 Februari

Dada Mheshimiwa,

Samahani kwa kuchelewa. Wifi yako anakusalimu, anasema amekusikia redioni na kwamba sauti yako imenenepa. Sisi wazima. Dari la sebuleni linavuja, mwenye nyumba anasema ni jasho la paa, nami nimenyamaza kwa sababu kodi hajaipandisha.

Kwa Kidoti nimefurahi mpaka nikamwambia mzee wa chai hapa ofisini, ambaye hata simjui vizuri.

Dada, nakuomba usinipigie simu ofisini. Juzi ulipopiga, meza nne zote zilinyamaza, na yule wa dirishani akaacha hata kukoroga chai. Tangu uchaguliwe, nikikohoa tu watu wanadhani nimekutumia ujumbe. Waliogawa mamlaka waligawa na miji, baraza wakaliweka kwenu, wizara wakaziweka huku. Basi tuandikiane. Barua za nyumbani hakuna anayezishangaa.

Ulichoniuliza, majibu ya serikali ni ya serikali. Wewe uliapa huko, na sisi tuliapa huku. Tuyaache hapo.

Ila nina ombi. Kidoti aje kwetu mwanzoni mwa Mei, akae mpaka ajifungue. Chumba cha nyuma ni kitupu na hakivuji. Hospitali kubwa iko hatua chache kutoka hapa. Msingoje mpaka tumbo limzuie kusafiri.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimeishia palepale. Mama mzima. Kidoti mzima, sasa anakula udongo kwa siri na Mama anajifanya haoni. Wifi mwambie sauti haijanenepa, ni mafua.

Nimekuuliza nani anaandika majibu, umenijibu habari za dari. Halafu, bila kuulizwa, unataka Kidoti atolewe nyumbani kabla ya Juni. Hospitali ipo mwendo wa dakika kumi kutoka kwa Mama. Sote watatu tulizaliwa pale. Wewe unajua nini kuhusu Juni?

Na kuna hili, ambalo limenikosesha hamu ya kula. Jumanne niliuliza swali la vitanda. Nikajibiwa maneno matupu. Nikasimama na nyongeza yangu, gari la wagonjwa. Sikuwa nimemwambia mtu. Wala Mwalimu sikumwambia, yule mjumbe mkongwe anayekaa kushoto kwangu, aliyenifundisha kila kitu humu ndani. Waziri hakutafuta maneno. Alifunua karatasi ya pili na kusoma jibu la gari la wagonjwa, limepigwa chapa, na vipuri vilivyoagizwa vimetajwa kwa majina.

Niliyemwandikia habari ya gari ni mtu mmoja tu duniani. Kikulacho ki nguoni mwako. Sikutaka kuiandika methali hiyo kwa ndugu yangu wa tumbo moja, lakini mkono umeshaiandika.

Nijibu kama mtu, usinijibu kama wizara.

Dada yako


14 Aprili

Dada,

Salamu kwa Mama. Huku wazima, wifi yako alipata malaria lakini ameinuka.

Nimechelewa kwa sababu nilikasirika. Barua tatu nimeziandika na kuzichana. Hii ya nne natuma ilivyo.

Ndiyo, naandika mimi. Umefurahi? Swali likifika kutoka barazani linawekwa mezani kwangu. Kazi yangu ni kujibu lililoulizwa na kuliacha lililokusudiwa. Nikimaliza, nafanya kazi ya pili: nakaa na kukisia mjumbe atarudi na nini kwenye nyongeza, na kila nyongeza naiandikia jibu lake. Gari lako la wagonjwa nililiandika mwishoni mwa Januari, pamoja na jibu la wodi, kabla barua yako ya kwanza haijatiwa stempu. Sikuhitaji kuambiwa. Kila ukienda nyumbani unapita mbele ya gari lile ukiguna, mwaka wa pili huu. Wajumbe wengine nawakisia kwa shida, lakini wewe nimeishi na wewe, nakula mshahara kwa kukujua. Kama hilo ni kosa, basi nimekosa, lakini barua yako sikumwonyesha mtu yeyote.

Sasa nisikilize, kwa sababu sitalisema tena, na hata hivi nimeshavuka mpaka. Mwaka huu serikali ina neno jipya, "kuunganisha huduma". Acha kuuliza kama wodi itafungwa. Ukiuliza hivyo, utajibiwa vilevile mpaka muhula wako uishe, na jibu litakuwa la kweli. Uliza hivi, kwa maneno haya: kuanzia Juni mosi, ni wakunga wangapi watakuwa zamu katika hospitali ile siku za Jumamosi na Jumapili? Usiongeze neno wala usipunguze. Nikiletewa swali hilo sina pa kukwepea.

Na mlete Kidoti.

Mdogo wako


20 Aprili

Ndugu yangu,

Wote wazima. Pole kwa wifi.

Barua yako nimeitafakari siku nzima. Sikumwonyesha Mwalimu, ila nilimuuliza kwa mafumbo: ofisa wa serikali akikupa swali, ufanye nini? Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Mwanangu, ofisa anayekupa swali ameshatia jibu mfukoni. Utasimama nalo, waziri atang'ara, na wewe utaonekana umetumwa." Akanisimulia mjumbe wa muhula uliopita aliyepewa swali la namna hiyo kuhusu mabomba. Waziri alilijibu kwa picha na takwimu, akapigiwa makofi mpaka na wapinzani wake. Mjumbe yule leo anauza mbao.

Huenda unanipenda. Huenda pia umetumwa bila wewe mwenyewe kujua, maana aliyekupa kazi ya kunikisia anaweza kukupa kazi ya kuniongoza. Na hili la Kidoti nalo nimelipima. Itakuwaje ikisikika kwamba mjumbe anayeitetea hospitali ile amemhamisha binti yake akajifungulie kwingine? Gazeti lingeliweka ukurasa wa kwanza. Labda ndicho mnachokitaka huko.

Swali lako siulizi. Nimeamua kuwashika kwa maneno yao wenyewe. Jumamosi nafanya mkutano nyumbani, kwenye uwanja wa shule, nisome jibu la waziri mbele ya watu wote: serikali haina mpango wa kufunga. Wananchi wakishalisikia, nani atathubutu kufunga?

Dada yako


11 Mei

Dada,

Nimetoka nyumbani jana. Nilichukua likizo, nikakodi gari, nikaenda kumchukua Kidoti.

Amekataa. Alikuwa ameshafungasha, maana wifi yako alimbembeleza kwa simu wiki nzima. Halafu akaufungua mfuko na kuanza kutoa nguo moja moja. "Mjomba, mama mkubwa alisema mbele ya watu wote haitafungwa. Leo nikiondoka, si nitakuwa nimemwita mwongo?" Mama naye akanitazama kama nimekuja kuiba kuku. Mkutano wako ulifana, kila niliyekutana naye njiani amelikariri lile jibu. Maneno yangu mwenyewe, Dada, nimeyasikia kwa muuza vocha.

Mwambie wewe aondoke. Mimi hanisikii, wewe atakusikia. Mpigie leo, baraza na magazeti yapo tu. Nakuomba.

Mdogo wako


19 Juni

Ndugu yangu,

Barua yako ya Mei niliipata. Sikuijibu. Niliikunja nikajiambia, huyo anasisitiza mno, na mtu asisitizaye mno ana lake jambo.

Kwa simu ulisikia habari yenyewe tu, na mazishini hatukuzungumza. Acha nikuandikie ilivyokuwa, kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwandikia.

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, jua kali. Uchungu ulimshika Kidoti akianika nguo. Mama alimshika mkono, wakatembea mpaka hospitali, na goti lake lile. Wodi ya wazazi ilikuwa wazi. Mama anasema vitanda vilikuwa vimetandikwa shuka safi, mapazia yamefungwa vizuri kabisa, na feni inazunguka. Hakukuwa na mtu. Mlinzi aliwaambia, "Wodi haijafungwa, mama, ingieni tu. Ila wakunga wikendi hawapo, wameunganishwa na hospitali ya ng'ambo ya daraja. Wanarudi kesho." Gari la wagonjwa unajua liko wapi. Walipata pikapu ya mboga. Mtoto alikuja vibaya, miguu mbele, njiani, kabla ya daraja. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Kidoti yuko hai. Damu ilimtoka nyingi, lakini wamemwokoa huko ng'ambo, na sasa yuko kwa Mama. Nilipoingia chumbani alinitazama na kusema, "Mama mkubwa, ulisema haitafungwa." Alisema kwa upole. Afadhali angenitukana. Toka siku hiyo hajanisemesha. Mama alianza ile methali ya majuto na mjukuu, akaishia katikati, akatoka nje.

Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani. Ulinipa swali mkononi nami nikaligeuza huku na huku kutafuta mtego.

Nimepeleka swali barazani. Litakufikia. Ni hili tu: je, serikali ilijua?

Dada yako


3 Julai

Dada,

Wifi yako amelia siku nyingi, sasa ametulia. Ameniambia nikusalimu, na anamaanisha.

Lile jibu la Februari lilinichukua asubuhi nzima, na nilipolimaliza nilijisikia fundi. Nililisoma kwa sauti, nikalipenda. Kidoti alibaki kwa sababu ya maneno niliyoyapanga mimi, wewe uliyabeba tu. Usijichukulie lote peke yako.

Swali lako limefika. Katibu wa wizara aliniita, akafunga mlango, akasema, "Hili lahitaji akili zako zote." Alitaka nijibu kwamba serikali imepokea taarifa hiyo kwa masikitiko na inafuatilia. Angalia lilivyo zuri. Kila neno la kweli, na ulichouliza hakijaguswa.

Nimerudi mezani, nimeandika jibu jingine. Lina maneno machache kuliko yote niliyowahi kuandika. Katibu anatia saini rundo zima bila kufunua, kwa sababu miaka tisa ameniamini. Hilo linaniuma, sitakuficha. Waziri naye hasomi kitu mpaka amesimama. Anasema kusoma mapema kunamtia hofu. Mwaka jana nilimwandikia kwenye mabano "tulia hapa kidogo", akalisoma na hilo kwa sauti, na kumbukumbu za baraza zinalo mpaka leo. Kwa hiyo atasoma.

Jumanne kaa kitini kwako. Usibadilishe swali. Safari hii, Dada, niamini.

Ukiandika, tumia anwani ya nyumbani.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Nimeambiwa wamekupa barua ya kusimamishwa kazi na mlinzi amekusindikiza mpaka getini. Wifi amenieleza yote. Kodi ya nyumba isiwape taabu, tutasaidiana. Mama hajambo. Fimbo ameanza kuitumia.

Ulitaka kujua, nami nilikuwapo, basi nikusimulie. Spika aliita swali langu. Nilisimama, nikalisoma, nikaketi. Mpaka dakika ile moyo wangu mchafu ulikuwa bado unaniambia, utaona, atasoma ile ya masikitiko. Waziri akasimama, akavaa miwani. "Mheshimiwa Spika, ndiyo. Serikali ilijua tangu Januari kwamba siku za Jumamosi na Jumapili hospitali hiyo haitakuwa na mkunga hata mmoja." Akaigeuza karatasi kutazama nyuma kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Hakuna aliyepiga meza.

Spika akaniuliza kama nina swali la nyongeza. Nikasema sina. Kila mtu alinishangaa, mimi ambaye sikosi nyongeza. Lakini unajua swali lililokuwa linafuata, ulilikisia pale ulipoandika jibu lile. Mwalimu akaliokota. Alisimama taratibu, akasema, "Mheshimiwa Spika, nani alijua? Hatutaki kusikia serikali. Tupe majina ya watu." Waziri akasema ataleta jibu kwa maandishi.

Nikasimama tena. Nikasema, "Mheshimiwa Spika, mmoja ni mimi. Mwezi wa Aprili niliambiwa niulize kuhusu wakunga wa wikendi. Sikuuliza. Nilikwenda nyumbani nikawasomea watu jibu la waziri, nao wakaniamini." Spika akagonga meza, akasema mjumbe keti, aliyeulizwa ni waziri. Sikuketi. Akaniuliza nani aliniambia. Nikasema hilo silijibu. Mwalimu hakunitazama tena mpaka kikao kikavunjwa, na chama kimeniita kesho kujieleza. Wakitaka kiti chao wakichukue.

Serikali imetangaza wakunga wawili wa wikendi, kuanzia mwezi ujao. Nilipolisoma tangazo nilitafuta neno la kukwepea, sikuliona, lakini litazame na wewe.

Kikao kilirushwa redioni. Mama anasema Kidoti alisikiliza mpaka mwisho, akaizima, akatoka kuanua nguo. Jumamosi nakwenda nyumbani. Njoo na wewe, hata kama ni kwa basi. Sitaki kuingia chumba kile peke yangu.

Dada yako